Mdogo arudi mtoni, na mkubwa vilevile

Samaki wa mto Tana hapa Garissa huuzwa kwa mafungu, na siku hizi fungu linalotoka haraka kuliko yote ni la wadogo. Ni vijikambare vya urefu wa kiganja, vimerundikwa juu ya gunia lililoloweshwa, vingine bado vinafungua na kufumba midomo. Mnunuzi ni mama wa kukaanga, naye atamuuzia mwanafunzi na mtu wa mkokoteni, na katika mlolongo wote huo hakuna anayeuliza samaki yule angefikia ukubwa gani mwakani. Mimi nimeanza kuuliza, na ningependa kaunti yangu nayo iulize.

Nilikuwa dalali wa mifugo. Kazi ya dalali ni kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi, mkono ndani ya shuka, mkipimana bei kwa vidole ili waliosimama kando wasijue. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikausha misimu mitano ya mvua mfululizo na kuua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Pasipo mnyama dalali hana kazi, kwa hiyo nikashuka mtoni. Sasa nanunua samaki kwa wavuvi wa Kimunyoyaya na Kimalakote, jamii za kando ya mto, upande huu na ule wa Madogo ng'ambo, nawapelekea wenye hoteli mjini. Ndugu zangu walinicheka wakachoka. Kwa Msomali wa nyikani samaki alikuwa chakula cha watu wengine, na tulikuwa na matusi maalumu kwa wanaomla, ambayo mhariri hawezi kuyachapisha. Siad Barre, aliyekuwa rais wa Somalia, aliwahi kuwahamisha wafugaji waliofilisiwa na ukame wa 1974 na 1975, akawapeleka kuvua Barawa, Adale na Eyl, na wanaume wengi walirudi malishoni mara tu mvua iliponyesha. Sisi wa Garissa hatukuhamishwa na rais yeyote. Tulihamishwa na njaa, na leo watoto wetu wanakula kambare kwa chapati bila habari kwamba babu zao wangenawa mikono mara saba.

Nimehama kazi lakini macho ni yaleyale ya sokoni. Soko la mifugo lina sheria ambazo hazikupitishwa na bunge lolote. Anayeletwa kuuzwa kwanza ni dume: beberu, kondoo dume, maksai. Jike huletwa akiwa tasa au mkongwe asiyezaa tena. Ukiona mtu ameswaga mitamba yake sokoni, mbuzi ambao hawajazaa hata mara moja, jua nyumbani kwake kuna msiba, au kuna karo, au ni mwizi. Na akichinja jike mwenye mimba, wazee watamwita wamuulize kama ana akili timamu. Sasa shuka mtoni uwatazame watu walewale, wenye busara yote hiyo ya zizini. Wanabeba mitamba kwa ndoo, na majike yenye mimba wanayapiga picha kwa simu kabla ya kuyapasua.

Nimesimama kando ya Mmalakote mmoja, mzee wa kazi yake, akipasua kambare jike mwanzoni mwa mvua za Deyr, yaani vuli. Tumbo lilipofunguka mayai yalimwagika yenyewe, ya kijani kibichi chenye ukahawia, madogo kama mbegu za mtama, mifuko miwili iliyojaa kutoka karibu na kichwa hadi tunduni. Akayasukuma kando kwa kisu, paka akaja. Wanaofuga kambare kwenye mabwawa huhesabu mayai kama 600 kwa kila gramu. Mfuko wa gramu 300, ambao si ajabu kwa jike wa kilo mbili, una mayai 180,000. Ni kweli kwamba mengi yangeliwa na vyura, wadudu na samaki wenzake, maana kambare hatunzi watoto. Hutaga usiku, mvua kubwa ikinyesha, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji pembeni mwa mto. Mayai yanashika majani, kisha wazazi wanarudi zao kwenye kina. Baada ya siku moja au moja na nusu vifaranga vimeshatoka. Basi hesabu yake ni ya wingi: atage mengi sana ili wachache wapone.

Hapo ndipo samaki anapoachana na mbuzi, na mfugaji anapohitaji kufikiri upya. Ng'ombe akizeeka, uzazi wake hupungua, ndiyo maana hatuoni haya kumuuza. Kambare akikua, mayai huongezeka pamoja na mwili. Jike wa mita moja, yule ambaye kijana akimvua mtaa mzima unakuja kumwona, anataga kuliko majike wengi wadogo kwa pamoja. Kumla huyo ni kula kitalu.

Kwa hiyo ninachopendekeza kina mipaka miwili, wa chini na wa juu. Samaki asiyefika wa kwanza arudi mtoni. Aliyepita wa pili naye arudi. Tule wa katikati.

Sikubuni mimi. Mtoto wa dada yangu yuko Seattle, Marekani, anaendesha teksi, na wenzake wa kazini walimfundisha kuvua samaki wa baharini anayeitwa lingcod, mdomo mpana, meno kama ya mbwa, nyama yake wakati mwingine ya kibuluu hadi ipikwe. Siku moja alinitumia picha ya dude la kilo kumi hivi. Nikampigia kumpongeza. Akaniambia, "Abti, nimempima amezidi, nimemrudisha." Nilidhani simu imekatika maneno. Kumbe kule Puget Sound, ghuba iliyo mbele ya mji wao, lingcod wa kuchukuliwa ni wa inchi 26 hadi 36, yaani sentimita 66 hadi 91, na ni mmoja tu kwa siku. Msimu wenyewe ni mfupi, tarehe 1 Mei hadi 15 Juni, kwa sababu jike hutaga majira ya baridi na dume ndiye anayebaki kuyalinda mayai kwenye mawe. Ukimvua mlinzi wakati huo, umeua na watoto. Madume hayakui sana. Anayevuka inchi 36 karibu kila mara ni jike, na ndiyo sababu ya mpaka wa juu.

Msomaji atasema hayo ni ya Wamarekani walioshiba. Basi twende Kisumu. Sangara wa Ziwa Victoria, anayeitwa mbuta upande wetu, ana sheria ya namna hiyohiyo: asiwe chini ya sentimita 50 wala juu ya 85. Mantiki haina tofauti na ya Seattle. Chini ya 50 hajazaa, juu ya 85 ni mama mkuu. Ngege anahifadhiwa kwa ukubwa wa macho ya neti, ambayo hayatakiwi kuwa chini ya inchi tano. Sheria hizo zipo miaka mingi, na anayejua magati ya ziwa anajua pia zinavyokiukwa, usiku na hata mchana.

Tanzania, tunaogawana nao ziwa hilo, walijaribu kwa nguvu. Operesheni Sangara ya 2018, chini ya waziri Luhaga Mpina, ilichoma nyavu nyingi na kuwaachia wavuvi majivu. Kisha Juni mwaka huohuo maofisa wa uvuvi wakaingia katika kantini ya Bunge kule Dodoma, wakiwa na rula, wakakuta sato, yaani ngege kwetu, walio chini ya sentimita 25, na muuzaji akatozwa faini. Wabunge walikasirika, na nchi nzima ikacheka kwa sababu ya habari ya kupima samaki wa jikoni. Mimi pia nilicheka. Samaki akishaingia kwenye mafuta hujikunja, unampima kwa rula ipi? Lakini nikifikiria tena, rula ile ilifika mahali ambapo sheria zetu hazifiki, mezani pa mlaji mwenye pesa. Kuchoma neti ya maskini ni rahisi. Kumuuliza mheshimiwa anakula nini ndiyo kazi.

Nina onyo kwa watakaotaka kunakili sheria ya ziwa na kuibandika Garissa. Sentimita 25 za sato hazitufai. Perege wa asili wa mito yetu ya mashariki, jamaa ya sato, ni mdogo kwa umbile. Ukimsubiri afike kipimo cha ngege wa Ziwa Victoria utamsubiri hadi azeeke afe. Ukiweka sheria hiyo umewageuza wavuvi wote kuwa wahalifu, na sheria ambayo kila mtu anaivunja haimlindi samaki. Perege alindwe kwa njia nyingine. Yeye hubeba mayai na vifaranga vyake mdomoni. Mvuvi akimtupa kwenye tope, utamwona akitema vijitu vyenye macho makubwa kuliko mwili, vikirukaruka kama punje za mchele. Mwenye kuyaona hayo amrudishe mama na watoto wake papo hapo, awe mkubwa au mdogo. Hapo huhitaji rula, unahitaji kutazama tu.

Kwa kambare, rula inafaa. Katika maji mengi ya Afrika huanza kuzaa akiwa na urefu wa sentimita 30 na kidogo, ingawa hutofautiana mto kwa mto. Ningeweka mpaka wa chini sentimita 35, ili apate walau msimu mmoja wa kutaga, na wa juu 70. Wanaojua zaidi wabishane nami juu ya namba. Kila mfugaji hutembea na fimbo. Akate alama mbili kwenye fimbo ile, na rula ya serikali haina haja ya kununuliwa. Samaki alazwe kando yake, kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia, basi.

Kumrudisha nako kuna adabu yake. Kambare ana bahati: ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, kwa hiyo akikaa nje muda mfupi hafi, tofauti na perege. Lakini ngozi yake haina magamba. Ule ute unaotuchukiza ndio nguo yake, na ukimburuta kwenye mchanga wa moto au kumshika kwa mkono mkavu umemvua nguo. Lowesha mikono. Mshike nyuma ya kichwa, ukijihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani, maana ikikuchoma utalala na homa. Ndoana ikiwa imezama kooni, kata mshipi karibu na mdomo uiache humo. Wengi hupona hivyo kuliko wakipasuliwa koo kwa koleo. Kisha umrushe ukiwa juu ya ukingo. Picha za mpwa wangu zinaonyesha watu wakiinama majini na kumwachia samaki taratibu, kwa mikono miwili, wakitabasamu. Hapa ukiinama hivyo mamba naye anatabasamu.

Nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kule Watamu na Malindi kuna wanaovua sulisuli na nduaro kwa mchezo, wanamchosha, wanamtia alama, wanamwachia. Tangu 1990 kuna taasisi, African Billfish Foundation, inayokusanya habari za samaki hao waliotiwa alama, na kupitia alama hizo tumejua safari zao baharini. Elimu hiyo siidharau. Lakini mimi ni Mwislamu, na Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kumtoboa mnyama mdomo kwa ajili ya burudani yangu, nikijua tangu mwanzo kwamba simhitaji, moyo wangu haukubali. Kumrudisha niliyemnasa nikitafuta riziki, kwa sababu hajafika au amepita kipimo, hiyo ni ibada nyingine kabisa. Anayetaka kututangazia utalii wa ndoana hapa Tana asinitafute.

Sasa nifike kwenye madimbwi, kwa sababu hapo ndipo sheria ya kizembe itakapokosea. Mto ukifurika hujaza mabonde ya pembeni, tunayoyaita dhasheeg, na samaki huingia humo kutaga na kukua. Tangu bwawa la Masinga likamilike 1981 na la Kiambere 1988, mafuriko ya wastani ya kila msimu yamepungua huku chini, na dhasheeg nyingi hukaa kavu miaka. Kisha ikaja Deyr ya 2023 ya El Niño, ikafuatwa na mvua za Gu, yaani masika, za 2024. Maji yaliingia majumbani, watu wakalala kambini, barabara ya Nairobi ikakatika. Ilikuwa balaa kwa binadamu. Kwa samaki ilikuwa harusi. Maji yalipoanza kupungua, madimbwi yalijaa vifaranga, na hapo zikatoka neti za mbu, zile za msaada, mbili zikishonwa pamoja na kukokotwa na vijana wanne, zikizoa kila kitu hadi viluwiluwi.

Je, walikosea? Inategemea dimbwi. Lile lililokatika kabisa na mto na linalokauka mbele ya macho yako, samaki wake watakufa wote. Marabu na nguchiro wanajua hilo. Hapo kumwambia mtu mwenye njaa amrudishe kambare wa sentimita 20 kwenye tope litakalokuwa vumbi kabla ya mwezi kwisha ni upuuzi. Achukue, na kama ana ndoo na moyo, wachache awapeleke mtoni wakiwa hai. Lakini dimbwi ambalo bado lina mfereji wa kwenda mtoni, hata mwembamba, ni mlango wa uzazi wa mwaka mzima. Neti ya mbu pale iwe marufuku bila majadiliano. Ofisa anayekaa Nairobi hawezi kuyatofautisha madimbwi hayo mawili. Mzee wa Kimunyoyaya anayeishi Korakora anaweza, kwa jicho moja.

Najua nitakayoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa. Kijana mmoja anayeniuzia, baada ya kunisikiliza yote hayo, alinijibu: "Adeer, mimi nikimrudisha, wa upande wa pili atamvua kesho amuuze. Wewe utanipa nini?" Swali hilo ni la haki, na wahifadhi wengi hulikwepa kwa kuhubiri vizazi vijavyo. Jibu langu ni kwamba sheria isimfunge yeye kwanza. Mtoto aliyevua kwa ndoana moja akapata kambare mdogo na kumpeleka kwa mama yake, mwacheni, mto haumaliziki kwa sufuria moja. Kinachomaliza mto ni soko. Basi sheria ihusu kuuza na kununua: samaki aliye nje ya mipaka asipangwe sokoni, asiingie hoteli, asisafirishwe. Akikosa mnunuzi, kijana mwenyewe atamrudisha bila askari. Na faini ianze na sisi tunaonunua, maana tuna duka lenye mlango na jina ukutani, hatukimbii. Mimi nimekwisha kuwaambia wanaoniuzia kwamba wadogo siwachukui, na nimepoteza wateja wawili kwa hilo, ambao sasa wananunua kwa jirani yangu. Ndiyo maana naandika gazetini. Mfanyabiashara mmoja akijizuia peke yake anamnufaisha jirani; wakizuiwa wote, mto unapumua.

Uwezo upo. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya uvuvi, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inatambua nafasi yake. Tatizo ni kwamba mto una kingo mbili. Huku ni Garissa, kule ni Kaunti ya Tana River, na watu wetu wamegombania mpaka huo hadi kumwaga damu. Ugomvi wa ardhi siumalizi kwenye ukurasa huu. Lakini kambare anatagia kwetu na kukulia kwao, na sheria ya ukingo mmoja itawanufaisha wachuuzi wa ukingo wa pili tu.

Naziomba kamati za kilimo na uvuvi za mabunge yote mawili zikutane mara moja, Garissa au Hola, popote watakapokubaliana kuhusu posho, na ziwaite wavuvi wa Kimunyoyaya, Kimalakote na Kipokomo kabla ya wataalamu. Zitoke na namba mbili za kambare, marufuku ya neti za mbu kwenye mifereji, na faini kwa wanunuzi, kabla Deyr haijaanza mwezi wa Oktoba. Na wewe unayekula hotelini hapa mjini, ukiletewa sahani ya kambare watatu wa urefu wa kiganja, mwite mwenye hoteli umwambie huwalipii.